Mzee akienda kupasuliwa saratani ya tumbo, mpelekeni na ukweli wote

Baba alijibu "sivuti" mara mbili: kwa nesi aliyempima presha, kisha kwa daktari wa upasuaji. Pakiti ilikuwa kwenye koti lake, naiona. Nikanyamaza, maana kwetu Kibosho mtoto hamuumbui mzazi mbele za watu. Kosa hilo msilirudie.

Daktari hakuwa anapekua maisha ya mtu. Saratani ya tumbo hupenda kupitia matezi ya limfu, vile vipunje vidogo vya kinga ya mwili, kwa hiyo kukata mfuko wa chakula peke yake hakutoshi. Alituchorea nyuma ya fomu: mfuko wa chakula umepinda kama ndizi, vidoa, ndiyo hayo matezi, vimeugandia, na vingine vimejipanga kando ya mishipa ya damu iendayo kwenye ini na bandama. Kutoa vile vya karibu wanaita D1. Kuvifuata na vya kwenye mishipa ni D2, ndiyo inayopendekezwa mwili ukiimudu na ugonjwa ukiwa haujaenda mbali. Ila D2 ni kazi ndefu, na kongosho liko palepale. Likijeruhiwa likavuja, mgonjwa anarudi hatarini.

Kwa hiyo moyo mbovu, mapafu ya sigara, sukari isiyodhibitiwa au kukonda kupita kiasi vinaweza kumfanya daktari aishie kwenye D1. Umri peke yake haumzuii mtu. Kilichonishangaza ni kitambi. Mimi nilidhani unene ni akiba, kumbe mafuta ya ndani huyaficha matezi, na kongosho la mnene huvuja kwa urahisi zaidi.

Basi kabla ya kliniki, tieni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja: za presha, aspirini, hata mizizi aliyopewa na shangazi. Msimwachishe yoyote kwa akili yenu. Semeni tu anazitumia. Mwangalieni anavyopanda ngazi: anafika juu kwa mkupuo mmoja, au anasimama kuhema? Daktari wa usingizi atauliza hilo.

Uzito je? Sisi hatukuwa na mizani nyumbani. Baba alikuwa na mkanda wa ngozi alioutoboa matundu mawili mapya kwa msumari, la pili likiwa limepinda. Daktari aliushika huo mkanda muda mrefu kuliko alivyoshika fomu. Aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6 kwa kawaida hulishwa kwanza. Tulimsagia mtori laini pamoja na nyama yake, uji wenye maziwa, mayai, kidogo kidogo mara 6 kwa siku. Sahani kubwa ilikuwa inamtapisha.

La sigara nilimfuata daktari koridoni nikalisema. Tukapewa wiki 4 za kula na kuacha kuvuta. Baba alininunia siku tatu, hata salamu hakuitikia.

Baada ya upasuaji, majibu ya maabara yakitoka, ulizeni mambo mawili: matezi mangapi yamepimwa, na mangapi yamekutwa na saratani. Yakipimwa chini ya 16, ni vigumu kuwa na hakika ugonjwa umefika hatua gani. Ya Baba yalikuwa 23, yenye saratani 2. Pigeni picha ile karatasi kwa simu, maana daktari wa dawa za saratani ataanza na namba hizo.