Kusafiri magharibi ya Marekani msimu wa moto wa msituni, mimi napangaje

Naishi Seattle, kila kiangazi wageni wa kutoka nyumbani wananijia wanataka kuona milima na dereva ndo mimi. Ule moshi wa Septemba 2020, ambao Portland ilikaa siku kadhaa ikiongoza dunia kwa hewa mbovu, ulinifundisha adabu.

Hatua ya 1: tarehe. Moto unachachamaa Agosti na Septemba, kwa hiyo kama likizo inasogezeka njoo Juni. Sio garantii lakini, 2022 sisi tulivuta moshi mpaka Oktoba, na Juni 2023 New York anga liligeuka chungwa kwa moto uliokuwa Quebec huko!

Hatua ya 2: buking. Lipia tu kitu unachoweza kukatisha ukarudishiwa hela, na usome yale maandishi madogo. Mimi niliwahi kulipia nyumba siku nne, moshi ukaja hata mlima hauonekani, nikaomba hela yangu mwenye nyumba akanijibu mbona nyumba haijaungua. Basi, ikaenda.

Hatua ya 3: hapa ndo penyewe, uwe na safari mbili mkononi, ya milimani na ya baharini. Mara nyingi upepo wa Pasifiki unasukuma moshi kwenda bara, so Westport au Long Beach, miji ya pwani ya jimbo letu la Washington, kunakuwa kweupe wakati mabonde ya mashariki kama Methow yamejaa moshi kama jiko la kuni. Upepo ukigeuka ukatoka mashariki hesabu inavurugika, ndo maana naangalia upepo kwanza, umbali wa moto baadaye.

Hatua ya 4: siku tatu kabla fungua ramani ya moto na moshi ya AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani ya kupima hewa. Namba yake ya uchafu wa hewa (AQI) ikiwa chini ya 50 safi, ikipita 100 wenye pumu, wazee, wajawazito na watoto wapunguze kukaa nje, ikipita 150 ni wote. Usiangalie namba ya mji mzima, tafuta kipimo kilicho karibu na utakapolala, na uangalie asubuhi na jioni pia maana moshi hulala bondeni usiku.

Hatua ya 5: gari. Badilisha filta ya hewa ya ndani, AC iweke izungushe hewa ya ndani tu. Barakoa ziwe N95, za kitambaa hazizuii ile vumbi laini. Inhela isikae kwenye buti.

Mafuta yasishuke chini ya nusu tenki. Tangazo la kuhama hapa lina ngazi tatu, ya 1 jiandae, ya 2 kaa tayari kuondoka muda wowote, ya 3 ondoka sasa hivi. Wenyeji wanasubiri ya 2 kwa sababu wana nyumba na farasi, wewe mgeni una begi moja tu, ondoka kwenye ya 1. Jasper kule Kanada, Julai 2024, watu kama 25,000 waliambiwa watoke usiku, foleni ya magari ikaelekea British Columbia, na kwenye foleni ile sheli hakuna.