SOMO: Kupanga folda za ofisi kwenye seva ya Windows ili kila mtu aone kinachomhusu (soma kwanza, ndipo uulize)

Wakuu, salaam.

Swali la "nimeshea folda lakini mtu anaambiwa hana ruhusa" limenichosha kulijibu kwa ujumbe binafsi. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Somo linahusu ofisi ndogo kama tunazohudumia huku kwetu Dodoma: wahasibu wa Area C, wenye maghala Kizota, wanunuzi wa mahindi Kibaigwa. Nachukulia una Windows Server yenye domeni (akaunti za watu wote wa ofisi zinasimamiwa sehemu moja). Mwenye NAS (kisanduku cha diski kinachokaa kwenye mtandao) mantiki ni ileile, tofauti ni vitufe.

1. Chora kwenye karatasi: folda upande huu, vitengo upande ule. Bosi asaini. Siku mtu akilalamika kwamba haoni mafaili ya mauzo, utatoa karatasi.

2. Data isikae C:. Tengeneza D: ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows unaotunza ruhusa za kila folda na faili), folda mama D:\Ofisi, na ndani yake Uhasibu, Utumishi, Mauzo, Stoo, Wote.

3. Kila folda itengenezee makundi mawili kwenye Active Directory (daftari la akaunti na makundi ya domeni), mfano Uhasibu_Soma na Uhasibu_Andika. Ruhusa apewe kundi, asipewe mtu kwa jina. Mtu akihamishwa kutoka stoo kwenda mauzo unamtoa kundi hili unamwingiza lile, folda huigusi. Ofisi iliyogawa ruhusa kwa majina utaijua tu: ukifungua orodha unakutana na minamba mirefu inayoanza na S-1-5-21. Mara nyingi hao ni watu waliokwishaacha kazi na akaunti zao zikafutwa. Ukimwingiza mtu kwenye kundi, lazima atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya ndipo ruhusa ifanye kazi.

4. Shea D:\Ofisi. Hapa wengi wanachanganya. Kuna ruhusa za kushea na kuna ruhusa za NTFS. Za kushea ni geti, za NTFS ni mlango wa chumba; anayekuja kwa mtandao anapita kote kuwili, na penye ubanaji zaidi ndipo panapoamua. Aliyekaa kwenye seva yenyewe geti halimhusu kabisa. Kwa hiyo usibane kote kuwili, utapotea. Kwenye kushea wape "Authenticated Users" kiwango cha "Change", na "Administrators" wape "Full Control", basi. Kazi yote ya kubana fanyia NTFS.

5. Kukata urithi wa ruhusa, yaani folda isichukue tena ruhusa za folda mama. Taratibu hapa, maana ndiyo hatua iliyowahi kuniumbua mbele ya mteja.

Bonyeza kulia folda ya Uhasibu, nenda Properties, Security, Advanced, kisha "Disable inheritance". Utaulizwa uchague moja kati ya mawili. Chagua lile linaloanza na "Convert", lile la "Remove" achana nalo. "Remove" inakuachia orodha tupu, na SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe) naye anaondoka, kwa hiyo usishangae antivirusi au bakapu ikianza kushindwa kusoma folda hiyo. Ukisha-"Convert", ondoa kundi la "Users", bakiza SYSTEM na Administrators, ongeza Uhasibu_Soma kwa "Read & execute" na Uhasibu_Andika kwa "Modify". Usimpe mfanyakazi "Full Control", maana inamruhusu kubadilisha ruhusa zenyewe.

ONYO: chini ya dirisha hilo kuna kisanduku kinachoanza na "Replace all child object permission entries". Ukikiwekea tiki ukiwa juu ya D:\Ofisi, folda zote za chini zinafutiwa mpangilio wake na kuvaa wa mama yao. Dakika chache baadaye kijana wa stoo anasoma mishahara ya ofisi nzima, na hakuna kitufe cha kurudisha. Kabla hujagusa chochote, hifadhi ruhusa zilizopo kwa amri hii:

icacls D:\Ofisi /save C:\ruhusa.txt /t /c

Kurudisha unaanzia ngazi moja juu:

icacls D:\ /restore C:\ruhusa.txt

ONYO LA PILI: usitumie "Deny" kama hujui unachofanya. Ukiwakatalia Stoo kuona Mauzo, na bosi umemweka kwenye makundi yote, umemfungia bosi nje. Asiyetakiwa kuona usimpe tu, inatosha.

6. Washa "Access-based enumeration" ili mtu asizione hata kwa jina folda zisizomhusu.

7. Wasambazie watu shea hiyo kama diski Z: kwa Group Policy (mipangilio ambayo domeni inazitumia mashine zote). Usizunguke mashine moja moja.

8. Jaribu kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida. Admini kuingia kila mahali si jaribio.

Nyongeza kwa wenye programu za uhasibu au stoo: kwenye mipangilio ya programu andika njia kamili, \\SEVA01\Ofisi\Stoo, usiandike Z:. Z: ni ya mtu aliyeingia kwenye akaunti yake. Programu inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia inatumia akaunti nyingine, na kwake Z: haipo. Hiyo akaunti nayo iingize kwenye kundi.

---

MASWALI

kijana_wa_nkuhungu: Mkuu nimefuata zote bado inakataa. Nisaidie haraka bosi amesimama hapa.

Mwandishi: Hatua ya 3, sentensi ya mwisho.

kijana_wa_nkuhungu: Duh. Katoka kaingia, imekubali. Ubarikiwe.

Mdau_Singida: Kwani kuna shida gani kuweka "Everyone", "Full Control", mambo yaishe? Sisi ofisini tunaaminiana.

Mwandishi: Kuaminiana hakuhusiki. Kirusi cha kudai fidia kikiingia kwenye laptopu ya mtu kinafunga kila faili ambalo mtu huyo anaruhusiwa kuliandika. Kwako ni mafaili yote. Halafu taarifa za wafanyakazi zina sheria yake, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mdau_Singida: Mbona unakuwa mkali, nimeuliza tu.

Mwandishi: Nimejibu tu.

zabibu_nyeusi: Shikamoo mwalimu. Nimeona kitu cha ajabu. Faili nikilihamisha kutoka Uhasibu kwenda Wote, wenzangu hawawezi kulifungua. Nikilinakili, wanalifungua vizuri. Kwa nini?

Mwandishi: Marahaba dada, hilo ni swali zuri. Ukihamisha ndani ya diski ileile, Windows hailigusi faili lenyewe, inabadilisha tu anwani yake, kwa hiyo linaondoka na ruhusa za kule lilikotoka. Ukinakili, linazaliwa faili jipya na kurithi ruhusa za folda lilimozaliwa. Vivyo hivyo ukihamisha kwenda diski nyingine, maana pale kinachofanyika hasa ni kunakili kisha kufuta la zamani. Lililokwishahamishwa litibu kwa icacls, jina la faili, kisha /reset, litavaa ruhusa za folda lilipo. Na angalia upande wa pili, ndio mbaya zaidi: faili likitoka Wote kwenda Utumishi kwa kuhamishwa, linaweza kubaki wazi kwa watu wote.

zabibu_nyeusi: Hapo pa mwisho sikuwa nimepafikiria. Leo napitia folda yote ya Utumishi. Asante sana.

fundi_kondoa: Naongezea kwa wenye NAS za zamani. Windows 11 toleo la 24H2, ile ya Pro, haikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Msikimbilie kuzima ulinzi. Tengenezeni yuza mwenye nenosiri kwenye NAS na msasishe programu yake. Na SMB1 (toleo la zamani la njia ya kushea mafaili) ibaki imezimwa, ndiyo njia kirusi cha kudai fidia cha WannaCry kilimopitia Mei 2017.

Mwandishi: Mkuu umemaliza.

mama_stationery: Nikiwasha "Shadow Copies" (nakala za mafaili ambazo Windows inajitunzia), bado nahitaji bakapu?

Mwandishi: Ndiyo mama. Zile zinasaidia mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya, mwisho ni nakala 64 kwa kila diski. Kwa kawaida zinakaa kwenye diski hiyohiyo, kwa hiyo ikifa zinakufa nayo. Nunua diski ya nje, nakili kila jioni, ichomoe, isilale kwenye mashine.

mama_stationery: Na seva nimeiweka chini ya meza, kuna shida?

fundi_kondoa: Kwa vumbi hili la Dodoma? Ipandishe mezani mama, na feni zipulizwe kila baada ya miezi michache. UPS (betri ya akiba ya umeme) unayo?

mama_stationery: Ninayo ila umeme ukikatika inazima papo hapo.

fundi_kondoa: Huenda betri imekwisha. Kabla hujanunua nyingine angalia kama printa ya leza imechomekwa humo, itoe kwanza, maana inavuta umeme mwingi.