Namna ya Kupata Nati Zinazolingana na Rimu za Spoti za Zamani kwenye Gari la Kale

Wenye magari ya kale hapa Tabora, wawe wa Land Rover, Datsun, Corolla za miaka ya 1970 au Land Cruiser za mfano wa 40, mara nyingi hupata rimu za spoti za enzi hizo zikiwa nzima kabisa lakini bila nati zake, au zikiwa na nati za kuokoteza, kila moja na ukoo wake. Dukani muuzaji huuliza, "Ni za gari gani?" Swali hilo linafaa kwa rimu iliyotoka kiwandani pamoja na gari, lakini halitoshi kwa rimu iliyonunuliwa baadaye kwa mtengenezaji mwingine. Nati ya rimu kama hiyo inatumikia vyuma viwili: meno yake hufuata stadi ya gari, yaani bolti iliyojitokeza pale gurudumu linapofungwa, na kitako chake hufuata tundu la rimu. Anayepima kimoja na kuacha kingine hajapima.

Anza na stadi. Isafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka uone chini ya meno, kisha pima unene wake kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene na kina, ukipima juu ya meno na si kwenye mabonde yake. Baada ya hapo tafuta nafasi kati ya jino na jino. Ukiwa huna geji ya meno, pima urefu unaochukuliwa na nafasi kumi: milimita 15 maana yake ni nafasi ya 1.5, na milimita 12.5 ni nafasi ya 1.25. Njia nyingine ambayo mafundi huitumia ni kuchukua bolti mpya ya kipimo kinachojulikana, kuilaza ubavuni mwa stadi, meno kwa meno, na kuinua vyote viwili kwenye mwanga. Mwanga ukipenya upande mmoja na kuzibwa upande wa pili, vipimo hivyo havilingani.

Toyota nyingi, pamoja na Land Cruiser 40, zina stadi za M12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na nafasi ya meno ya milimita 1.5. Datsun na Nissan nyingi ni M12 kwa 1.25. Land Rover za zamani zilikuja na meno ya Kiingereza ya inchi 9/16, na zile za mwisho wa Series III zikawa na M16 kwa 1.5, hivyo mwenye Land Rover asikubali kuambiwa "ya Land Rover" bila kupima. Magari ya Marekani ya enzi hiyo yana inchi 7/16 au inchi 1/2, yote kwa meno 20 katika inchi moja. Magari ya Chrysler, yaani Dodge na Plymouth yakiwemo, mpaka mwaka 1970 yalikuwa na meno ya kushoto, yaani yanayokazwa kwa kuzungusha kushoto, kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Kwenye ncha ya stadi kama hizo kwa kawaida hupigwa herufi L, na asiyeijua huikata stadi huku akidhani anaifungua. Volkswagen Beetle yenye matundu manne haina stadi kabisa, bali hutumia bolti za M14 kwa 1.5.

Kuna hatari moja ambayo ningependa kila mwenye gari aielewe vizuri. Nati ya M12 kwa 1.5 ukiiweka kwenye stadi ya 1.25 hujitaja yenyewe, kwa kuwa huzunguka mara mbili au tatu kisha hukwama. Nati ya inchi 1/2 yenye meno 20 haifanyi hivyo. Nafasi ya meno yake ni milimita 1.27, karibu sawa na 1.25, na inchi 1/2 ni milimita 12.7, kwa hiyo nati hiyo huingia kwenye stadi ya Datsun kwa ulaini mkubwa, ikishuka kwa kidole mpaka mwisho, na hata hukubali kukazwa. Lakini meno yanashikana kwa ncha tu. Ukiishika nati hiyo kabla haijafika kwenye rimu na kuitikisa kulia na kushoto, utaisikia ikicheza kwenye stadi, na mchezo huo wapo watakaokuambia ni uchakavu. Nati inayocheza hivyo iondolewe, hata kama ndiyo pekee iliyopatikana mjini.

Sasa tundu la rimu. Aina za kukaa kwa nati kwenye tundu ni tatu. Ya kwanza ni koni, na iliyo ya kawaida ina nyuzi 60. Rimu nyingi za chuma cha kawaida ni za namna hii. Ya pili ni ya mviringo kama nusu ya mpira, ambayo ndiyo ya Volkswagen. Ya tatu ni bapa: nati ina shingo iliyonyooka inayozama ndani ya tundu, na washa nene inayolala juu ya uso wa rimu. Toyota ilitumia aina hii ya tatu kwenye rimu zake nyingi za aloi, wakati rimu za chuma za gari hilo hilo zikitumia koni. Rimu nyingi za spoti za zamani nazo ni za shingo na washa. Cragar S/S ya Marekani, kwa mfano, ilikuwa na toleo lenye matundu marefu ili rimu moja iweze kufungwa kwenye magari yenye mipangilio tofauti ya stadi, na washa zake zina tundu lililosogezwa pembeni; bila washa hizo rimu hiyo haifungiki kwa usalama.

Ili kujua rimu yako ni ya aina gani, ingiza kidole ndani ya tundu. Kuta zikiwa zimenyooka mpaka chini na mdomo wake ni bapa, hiyo ni ya shingo. Mdomo ukiwa umechongwa kwa mteremko, ni koni au mviringo, na kwa kutofautisha hizi mbili paka wino wa kalamu nzito kwenye mteremko huo, uingize nati ya koni, uizungushe kwa mkono na kuitoa. Wino uliofutika kwa upana wa mteremko wote ni dalili njema. Uliofutika kama mstari mwembamba wa duara unaonyesha kwamba nati inagusa kwa ukingo tu. Nati inayogusa hivyo hula aloi kidogo kidogo, na kadiri inavyokula ndivyo inavyolegea. Rimu zilizofungwa hivyo miaka mingi hubaki na mfereji unaong'aa ndani ya tundu, na mimi nisingenunua rimu yenye mfereji huo kwa bei yoyote.

Kwa nati za shingo, pima mambo mawili. Unene wa shingo uwe unapita tundu bila nguvu na bila kuchezacheza, kwa sababu rimu ya spoti ambayo tundu lake la kati ni kubwa kuliko habu, yaani kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa, hukaa katikati kwa kutegemea shingo hizo. Urefu wa shingo uchunguzwe kwa mkia wa kalipa: shingo ikiwa ndefu kuliko kina cha tundu pamoja na washa, itagota kwenye habu kabla washa haijabana rimu. Hapo nati itakuwa imekaza barabara, spana itagoma, na gurudumu litakuwa huru. Nati zilizofungwa kichwani zina hila ya namna hiyo hiyo, kwani stadi ndefu hugonga dari ya nati kabla rimu haijabanwa.

Mwisho wa vipimo ni idadi ya mizunguko ya nati kwenye stadi. Meno yanayoshikana yawe na urefu usiopungua unene wa stadi, yaani mizunguko 8 kwa M12 ya 1.5, na 10 kwa M12 ya 1.25 au kwa inchi 1/2. Isipofika, badilisha stadi uweke ndefu zaidi.

Kuhusu kuzipata, maduka ya spea ya mjini huwa na koni za Toyota bila shida. Za shingo tafuta kwanza kwa wanaokata magari mabovu, ukiomba nati pamoja na washa zake. Za inchi huenda ukahitaji kuagiza Dar es Salaam, na hapo tuma kwa basi nati ya mfano au stadi yenyewe badala ya picha, pamoja na karatasi yenye vipimo. Fundi wa kukereza vyuma anaweza kukupunguzia shingo iliyozidi au kukuchongea washa za chuma, na kazi hizo ni halali. Kuchonga nati nzima kutoka kwenye chuma kisichojulikana, au kupanua tundu la rimu ya bapa liwe koni, ni kazi ambazo namwomba msomaji azikatae hata fundi akijitolea.

Wakati wa kufunga, anza kila nati kwa vidole, kaza kwa kuvuka katikati na si kwa kufuata duara, kisha malizia gari likiwa chini, kwa spana ya torki na kipimo cha kitabu cha gari. Magari mengi ya M12 huangukia kati ya niutonimita 90 na 110. Kukanyaga spana kwa mguu kunavuta stadi. Ukitoka mjini kwenda Sikonge au Urambo, pima tena ukifika, maana aloi hujikalia upya katika kilomita za mwanzo.

Tairi la spea likiwa kwenye rimu ya chuma, nati za shingo hazitalifunga. Weka nati za koni za gurudumu moja, zenye meno ya stadi zako, ndani ya mfuko mmoja na jeki.