Vazi moja la ngano, picha za miaka minane

Kosa linalorudiwa sana katika picha za watoto waliovaa mavazi ya ngano (hadithi za kale) ni kumshonea mtoto nguo inayomkaa sawasawa. Nguo ikimkaa, mtazamaji anaona sherehe ya shule. Ikimpwaya au kumbana, anaona umri. Kwa hiyo shona gauni moja tu, kwa kimo cha mtoto wa miaka 11, umpigie picha nalo kila mwaka tangu ana miaka 7 hadi 15.

Ngano inayofaa ni ile ya msichana aliyesahau kombe lake (gamba la baharini) ufukweni, akarudi kulifuata peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma (wengine husimulia pipa). Kisa chenyewe ni cha kuachana na wenzako njiani. Unahitaji kombe, na ngoma ya kusimama yenye kimo cha sm 80 hivi. Usiibadilishe ngoma, maana ndiyo rula yako: mwanzoni inampita kiuno, mwishoni inamfika kwenye nyonga.

Nunua mita 3 za pamba yenye upana wa sm 150. Iloweke usiku kucha na kuianika kabla ya kukata; pamba isiyolowekwa hurudi ikifuliwa, nawe utadhani mtoto ndiye aliyerefuka. Fundi aache mgongo wazi, na kamba jozi 4 za kufungia, la sivyo akifika miaka 14 mabega hayataingia. Satini ya poliesta iache dukani, inameremeta vibaya. Nyekundu pia: kitambaa chekundu hutupa wekundu chini ya kidevu, na kuusafisha kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha. Kaniki au hudhurungi hutulia. Ukitaka kanga begani, soma jina lake kwanza. Si kila jina linamfaa mtoto, na kwenye picha litasomeka.

Piga picha barazani, kivulini, uso ukielekea kwenye uwazi. Ukutani nyuma pasiwe na dirisha wala kalenda. Weka alama mbili za rangi sakafuni, moja ya visigino vya mtoto, nyingine ya kamera, mita 3 na nusu kati yake. Simamisha kamera wima kwenye stendi, katikati ya lenzi iwe sm 110 kutoka sakafuni. Tumia lenzi ya mm 50 kwa kamera yenye sensa (kipokea mwanga) kubwa, yaani full frame, au mm 35 kwa sensa ndogo (APS-C). Fremu itabeba zaidi ya mita 2 za kimo, kwa hiyo mwaka wa kwanza juu ya kichwa kutabaki nafasi tupu. Iache. Wengi huikata mara moja, kisha miaka yote inafanana na mtoto haonekani kukua hata kidogo.

Anza na tundu la lenzi f/4, kasi ya 1/160 ya sekunde, na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 400, upandishe ISO ikiwa giza. Pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Upande wenye kivuli weka ubao mweupe sm 80 kutoka shavuni, nje ya fremu.

Kila mwaka piga picha tatu: ndani ya gauni, akilivua likiwa limefika mabegani juu ya nguo zake, na akiwa na nguo zake za siku hiyo, gauni mkononi. Ya kati ndiyo ngumu na ndiyo bora. Mpe muda, usimwambie acheke. Piga pia picha ya mikono kwa karibu: akiwa na miaka 7, ncha za vidole tu zinachungulia kwenye mkono wa gauni, akifika 14, kifundo chote kiko nje na mshono wa kwapa umevutika.

Mzazi awepo, mahali pa kubadilishia nguo pawe na mlango. Karibu miaka 12 wengi huona haya na gauni hili. Akikataa kulivaa, mpige picha akiwa amelishika. Akikataa na hilo, piga picha ya ngoma peke yake, na gauni juu yake.