SOMO: Samaki wa rojo na chipsi kama wa Uingereza, na kwa nini rojo lako linabanduka

Wakuu habari za wikiendi. Naandika hili somo kwa sababu kila wiki naulizwa kitu kilekile, "mbona rojo langu linamvuka samaki?" (rojo ni ule uji mzito wa unga anaochovywa samaki kabla ya kukaangwa), nimejibu mpaka nimechoka, sasa naliweka hapa lote mara moja. Mimi niko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nimekaanga kwenye duka la samaki na chipsi miaka minne kwa hiyo naongea kitu nilichokishika.

Mahitaji ya watu wanne: minofu 4 ya samaki mweupe, kila mmoja gramu 180 hivi (huku kwetu ni haddock aliyetolewa ngozi, kusini wanapenda zaidi cod), viazi kilo moja na nusu, unga wa ngano gramu 200 na mwingine wa kupakaza, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi, bia ya baridi sana au maji ya gesi ya baridi sana mililita 260 hivi, mafuta ya kutosha, siki ya kahawia.

1. Menya viazi, kata vinene kama kidole gumba. Chipsi za hapa si zile nyembamba za stendi.

2. Osha mpaka maji yatoke safi bila ukungu, kausha kwa taulo.

3. Kaanga mara ya kwanza kwa moto mdogo, nyuzi 130 hadi 140, dakika 7 au 8. Viive viwe laini lakini visibadilike rangi. Toa, tandaza, viache nusu saa vipoe na mvuke utoke. Ukiruka hapa utakula chipsi zilizolegea.

4. Samaki. Hapa ndipo nilipoharibu mimi na hapa ndipo mnapoharibu nyie. Siku ya kwanza kupika nyumbani nilikuwa na wageni sita, nikatoa samaki kwenye friza, nikamuyeyusha kwa haraka kwenye maji ya moto, nikamchovya kwenye rojo akiwa bado anachuruzika, nikapanga vipande vitatu kwenye kikapu cha waya nikazamisha vyote kwa mpigo. Rojo likapenya kwenye waya likagandia humohumo, mafuta yakapoa, na nilipoinua kikapu lile ganda likabaki kwenye waya samaki akatoka uchi, na ukibonyeza ganda lenyewe ndani ni ugali mbichi. Tatizo ni maji. Samaki aliyelowa akiingia kwenye mafuta, yale maji yanageuka mvuke kati ya mnofu na rojo, mvuke unasukuma, rojo linaachia. Kwa hiyo: yeyusha samaki kwenye friji usiku kucha, sio kwenye maji. Nyunyiza chumvi kidogo, mwache dakika 15, atatoa maji, mfute kwa karatasi za jikoni, halafu mfute TENA, ukimgusa kidole kinate kisilowe. Kisha mpakaze unga mkavu pande zote, mkung'ute ubaki kama vumbi tu. Huo unga ndio gundi. Na msije mkampakaza unga mkamwacha nusu saa mezani, unga utalowa na kazi yote imekufa.

5. Rojo unachanganya mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari moto. Unga, beking pauda, chumvi, mimina bia au maji ya gesi, koroga kidogo tu, vidonge vidogo vikibaki sio shida, ukikoroga sana linavutika kama chapati. Chovya kidole: kucha isionekane, na litiririke lenyewe taratibu. Kucha ikionekana ongeza unga kijiko.

6. Mafuta nyuzi 180. Huna kipimajoto? Dondoshea tone la rojo, likizama na kupanda hapohapo likichemka, tayari. Shika samaki mkiani, mchovye, mwache achuruzike sekunde mbili, mshushe taratibu ukielekeza upande wa mbali na wewe, na USIMWACHIE. Mchezeshe kwenye mafuta mpaka uone anataka kuelea, ndipo uachie. Hakuna kikapu. Vipande viwili basi, dakika 6 hivi, geuza katikati.

7. Rudisha chipsi, nyuzi 190, dakika 3 au 4. Chumvi, siki, kula.

Na hili silirudii: mafuta yasizidi theluthi ya sufuria na usitoke jikoni. Yakishika moto zima jiko kama unafikia bila kujiunguza, funika, usihamishe sufuria, usimwage maji kabisa. Ukiona unazidiwa toka nje uite zimamoto.

MASWALI

Kijana_wa_Keko: Mkuu rojo langu limebanduka lote, shida nini?

Jibu: Soma namba 4.

Kijana_wa_Keko: Nimesoma mkuu ila samaki nilimuosha kwanza nikamtumbukiza, haraka haraka

Jibu: Basi hujasoma. Nimeandika kausha mara mbili.

Mama Nuru: Asante sana kaka. Sisi hatutumii bia, maji ya gesi yanatosha kweli au unatufariji?

Jibu: Yanatosha kabisa dada. Kinachofanya kazi ni zile gesi na ubaridi, bia inaongeza rangi na ladha kidogo tu. Yaweke friza dakika 20 kabla. Na kama una ndugu huku Yorkshire mwambie aulize dukani kwanza, maduka mengi ya hapa yanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe si lazima awe wa halali. Mengine yanatumia ya mimea.

Mzee wa Kirumba: Huku Mwanza haddock hatuna, sangara je?

Jibu: Sangara ni mzuri mno kwa hili, mnofu mnene, mweupe, mifupa haisumbui. Kata vipande visizidi sentimita 2 kwa unene. Ukiwa pwani kolekole anafaa.

Fundi Jiko: Nimeweka nyuzi 180 lakini kila nikiweka samaki zinashuka, naongeza moto rojo linaungua, inakuwaje?

Jibu: Swali zuri. Sufuria yako nyembamba au mafuta machache. Tumia sufuria nzito, kaanga kipande kimoja kimoja, subiri mafuta yarudi kabla ya kingine. Kipande kilichotoka kikae juu ya waya, sio juu ya karatasi, karatasi inarudisha mvuke chini kinalowa.

Mama Nuru: Hiki chakula asili yake nini hasa?

Jibu: Samaki wa kukaanga waliletwa na Wayahudi waliotoka Ureno na Hispania, chipsi zikaungana naye miaka ya 1860. London wanamtaja Joseph Malin, watu wa kaskazini wanamtaja John Lees wa Mossley, ubishi haujaisha. Kilichokisambaza ni treni na meli za uvuvi za mvuke, samaki akafika miji ya viwanda akiwa fresh na bei ya mfanyakazi. Vita ya pili ya dunia karibu kila kitu kilikuwa cha mgao, samaki na chipsi serikali haikugusa.

Fundi Jiko: Na vile vichembe vya rojo vinavyoelea?

Jibu: Usitupe! Vichote kwa chujio, weka chumvi, mimina juu ya chipsi. Huku tunaviita scraps, na maduka mengi ukiomba wanakupa bure. Ukiviacha kwenye mafuta vinaungua na samaki wa pili anatoka na madoa meusi.

Mzee wa Kirumba: Nimejaribu jana na sangara. Rojo limekaa, wajukuu wamegombea. Na njegere zile za kupondwa zinazoliwa na samaki na chipsi, zinapikwaje?

Jibu: Safi sana mzee wangu! Loweka njegere kavu usiku kucha na nusu kijiko cha beking soda, asubuhi zioshe vizuri, chemsha taratibu mpaka zipasuke zenyewe, chumvi mwishoni.