Kuvua kwa Boti Ndogo Tanga Wakati wa Likizo: Tazama Mwezi Kabla ya Kukata Tiketi

Mwanadiaspora anayerudi Tanga kwa likizo ya wiki tatu akiwa na hamu ya kuvua baharini kwa kawaida huanza na tiketi ya ndege, kisha hukumbuka boti, na mwisho kabisa, akiwa tayari ameshafika Raskazone na fimbo yake ya kuvulia mkononi, ndipo huuliza maji yanajaa saa ngapi. Utaratibu huo ungefaa kugeuzwa kichwa chini miguu juu. Mimi naishi Stavanger, Norway, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka kwa chini ya mita moja, kiasi kwamba mtu anaweza kumiliki boti miaka kumi bila kujua leo maji yanajaa au yanakupwa. Tanga, siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kukupwa hupita mita 3, na mahali ulipopita asubuhi boti ikielea unaweza kupakuta mchana wanawake wanatembea wakitafuta pweza.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ukiwa ughaibuni unaweza kuipiga kwa kalenda yoyote inayoonyesha mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Katika siku hizo maji ya pwani yetu hujaa kiasi cha saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukupwa kabisa kiasi cha saa nne na ushei, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na baada ya wiki moja mambo huwa yamegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo ndiyo huitwa maji mafu. Kwa mtu ambaye hajaizoea ghuba ya Tanga, ushauri wangu ni kuzipa siku za maji mafu nafasi ya kwanza. Utaondoka saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa yanapanda, utavua mkondo ukiwa mpole, na utarudi adhuhuri ukiwa na maji ya kutosha chini ya boti. Siku za bamvua waachie wanaojua kila fungu la mchanga na kila kipwa, yaani mwamba unaochomoza maji yakikupwa, au toka nao wao wakiwa wameshika usukani.

Haya nimejifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nilipokodi boti ya faiba yenye mashine ya farasi 40, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilisisitiza kwamba tutatoka baada ya chai na kwamba usukani nitaushika mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kuendesha boti na ramani kwenye simu. Mzee niliyemkodi pamoja na boti aliniangalia, akakaa omo, mbele ya boti, bila neno. Nilikata moja kwa moja upande wa Mwambani ili kufupisha njia. Saa mbili na robo nilisikia mashine ikibadilisha sauti, nikaona maji ya nyuma yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha boti ikakaa mchangani taratibu kama mtu anayeketi kwenye mkeka. Nilianza kusukuma. Mzee akatoa tumbaku yake, akasema, “Mwanangu, keti. Maji yatarudi saa sita.” Tulirudi kuelea saa sita na dakika ishirini na tano, na katika saa hizo nne boti ililala ubavu, barafu ikayeyuka, na watoto watatu walikuja kwa miguu kutuuzia madafu. Sijawahi tena kuushika usukani ndani ya ghuba bila ruhusa ya mwenye maji yake.

Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumtafuta ni nahodha, na boti hufuata. Ndugu zako wa mitaa na vijiji vya pwani kama Sahare, Deep Sea au Kigombe watakupatia jina kwa haraka kuliko tangazo lolote, na ni vyema umwone uso kwa uso siku moja kabla, mkubaliane malipo, mafuta ni ya nani, samaki ni wa nani, na mnarudi saa ngapi. Jambo la samaki lisiachwe hewani. Wewe unavua kwa burudani, lakini kwa yeye na baharia wake siku hiyo ni siku ya kazi waliyoiacha, na desturi ni kwamba kila aliyekuwa chomboni anarudi nyumbani na kitoweo.

Kuhusu majira, wengi wetu tunaoishi Ulaya hupata likizo ndefu Julai na Agosti, shule zinapofungwa, na hiyo ndiyo miezi ambayo kusi, upepo mkali wa kusini, huwa imeshika. Nje ya visiwa bahari huchafuka, na boti ya mita sita au saba haina shughuli huko. Bado unaweza kuvua, ila itakubidi ukae upande wa ndani, nyuma ya visiwa na miamba, utoke mapema wakati upepo wa umande kutoka bara ungali unavuma kidogo, na uwe umerudi kabla kusi haijapata nguvu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ina joto kali lakini kwa mvuvi wa boti ndogo ndiyo yenye nafasi nyingi zaidi, na maji huwa safi. Vipindi vya maleleji kati ya pepo hizo mbili vina siku tulivu mno, ingawa kile cha Aprili huja pamoja na masika. Msimu wowote uwao, soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kuamkia safari. Tahadhari zao hutaja kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa na kimo cha mawimbi kwa mita, na wanapotaja kilomita 40 na mita 2 kwa mwambao wa kaskazini, safari imekwisha, hata kama alfajiri ghuba imetulia kama maji ya mtungi.

Upande wa sheria, mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania hukosea kwa kudhani kwamba bahari ya kwao haina mipaka. Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayochukua mwambao kutoka kaskazini mwa mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko, kaskazini ya jiji, jumla ya kilomita za mraba 552 zikiwemo za nchi kavu. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za dinosaria hadi aliponaswa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimtoa katika nyavu za jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu. Ni marufuku kumvua, na ni vivyo hivyo kwa kasa na nguva. Zaidi ya hayo kuna maeneo tengefu ambamo uvuvi wote umekatazwa, nayo ni pamoja na visiwa vya Ulenge, Kwale, Kirui na Mwewe, na Maziwe iliyo mbele ya Pangani. Chongoleani, kwenye kituo cha bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda, usikaribie. Ndani ya hifadhi uliza ofisi yao wapi panaruhusiwa na ada ni kiasi gani. Leseni ya uvuvi wa burudani utaiuliza kwa Afisa Uvuvi, na ufukweni ujitambulishe kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Ukivuka mkondo kwenda Pemba umeingia katika mamlaka ya Zanzibar, yenye sheria zake za uvuvi na leseni zake.

Boti ikaguliwe ikiwa bado ufukweni, mbele ya mwenyewe, bila haya. Hesabu majaketi okozi na watu, kisha vaa lako. Yale yaliyofungwa chini ya shehena hayamsaidii mtu. Tazama nanga na urefu wa kamba yake, kata ya kufulia maji yanayoingia botini, makasia, tochi, filimbi, na plagi ya ziada pamoja na spana yake. Kama kuna redio ya VHF, chaneli ya dharura ni 16, na kama hakuna, simu mbili za mitandao tofauti ziwekwe katika mfuko usiopitisha maji. Kamba ya kuzimia mashine, ambayo huku wengi huiacha ikining'inia, ifungwe kwenye mguu au mkono wa anayeendesha. Mashine nyingi za pwani yetu ni za mchanganyiko wa oili na petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na mashine ya farasi 40 ikikimbizwa kwa nguvu zote inaweza kumaliza lita 18 hadi 20 kwa saa. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe. Petroli ya dumu imwagwe kupitia chujio, kwa sababu maji kidogo tu ndani yake huizima mashine, na mara nyingi huizima mbali.

Sasa uvuvi wenyewe. Kuna namna mbili zinazofaa boti ya kiasi hicho. Ya kwanza ni kurambaza, yaani kukokota mishipi nyuma ya boti kandokando ya ukingo wa mwamba, pale maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa buluu nzito, kwa mwendo wa kilomita 8 hadi 12 kwa saa. Hapo unawatafuta nguru, kolekole, mzia, songoro, na ukitoka nje zaidi jodari, felusi na nduaro. Nguru na mzia wana meno yanayokata mshipi kama wembe, hivyo kipande cha waya mbele ya ndoana si anasa. Mishipi miwili inatosha. Mitatu kwenye boti nyembamba ni fujo. Tazama ndege: wakikusanyika na kujitupa majini, jodari wadogo wako chini yao, lakini pita pembeni mwa kundi, usilikate katikati, maana ukiwapitia juu watazama. Asubuhi na mapema jihadhari pia na maboya ya jarife na madema, yaani mitego ya samaki, yaliyotegwa usiku. Uzi wa wavu ukijisokota kwenye pangaboi utakuwa umeharibu mashine ya mmoja na riziki ya mwingine.

Namna ya pili, ambayo nakiri ndiyo naipenda, ni mshipi wa mkono juu ya mwamba, boti ikiwa imetia nanga mchangani pembeni, kamwe si juu ya matumbawe. Kina cha pima kumi hadi ishirini, yaani mita 18 hadi 36 hivi, kinatosha kwa changu na chewa. Chambo bora ni ngisi, au kibua aliyevuliwa asubuhi ileile na kukatwa vipande. Nyumbani Norway nina fimbo ya bei mbaya. Hapa niliiweka chini baada ya kumwona yule mzee akifanya kazi. Alipitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, akaubana kwa gumba kidogo tu, na kwa macho yaliyoangalia kwingine kabisa akawa ananisomea yanayotokea chini: huyu anadonoa, ni mdogo, mwache; huyu amechukua na kusimama, ni changu, vuta; huyu amevuta mara moja na kutulia, ni chewa, naye ameshaingia pangoni. Chewa wa namna hiyo, alisema, ulegezee mshipi, usubiri ajisahau, ndipo uvute kwa haraka. Ilichukua dakika saba, na alitoka.

Usishike usichokijua. Tasi, au chafi kama wengine wamwitavyo, ana miiba yenye sumu. Ukichomwa, tumbukiza kidole katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Bunju mrudishe majini, wala asifike jikoni kwa hali yoyote, kwa maana sumu yake huua na haiondoki kwa kupikwa. Jodari na nguru nao wana hatari yao: wakiachwa juani, nyama hutengeneza sumu inayoleta mwasho, kichwa kuuma na uso kuwa mwekundu, na moto wa jikoni hauiondoi. Toa damu mara tu anapoingia botini, mzike kwenye barafu iliyopondwa, na barafu hiyo inunuliwe mjini jana yake, si kwa matumaini ya kuipata ufukweni alfajiri.

Katika mizigo yako ya ndege leta ndoana nzuri, waya, koleo za kushikia samaki na mshipi wa kilo 20 hivi. Chubwi, vile vizito vya mshipi, zinunuliwe hapahapa, kwani madini ya risasi hula uzito wa begi bure. Visu na ndoana vikae kwenye begi la chini, betri za lithiamu za akiba kwenye la mkononi. Jaketi okozi linalojazwa kwa mtungi wa gesi huhitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari, kwa hiyo la sifongo ni rahisi zaidi kusafirisha.

Ukiwa umenunua mashine yako mwenyewe na unafikiria kuifungia stoo kwa bibi hadi likizo ijayo, fikiri upya. Isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila siku inapotoka baharini, na mwisho wa likizo petroli yote itolewe kwenye kabureta. Lakini hewa ya Tanga ina chumvi hata ndani ya stoo, na miezi kumi na mmoja ni mirefu. Mimi yangu nimemwachia yule mzee aitumie kwa kazi zake, kwa makubaliano kwamba matengenezo ni juu yangu na kwamba nikija, wiki tatu ni zangu. Mwaka jana niliikuta imebadilishwa pangaboi na inawaka kwa mvuto mmoja.