Somo: Kubana ni nusu ya kazi – mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga kwa mwanamke anayevuja mkojo

Mwanamke anayetokwa na mkojo akikohoa, akicheka au akiinua mzigo huambiwa mara nyingi kwamba hayo ndiyo matokeo ya uzazi, naye huishia kuvaa pedi na kunyamaza. Hali hiyo huwapata wengi, lakini haifuati kwamba ivumiliwe, kwa kuwa tiba yake ya kwanza ni mazoezi yasiyohitaji dawa wala kisu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mwaka 1948, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Bahati mbaya yamekuwa yakifundishwa kwa maneno mawili tu, "bana misuli", ilhali msuli usioweza kulegea hauna nafasi ya kubana tena.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya tatizo

Mkojo unaochopoka wakati tumbo linapokaza, kama katika chafya au kuruka, hutokana na udhaifu wa misuli na nyuzi zinazoushikilia mrija wa mkojo. Mkojo unaokuja na haraka kubwa, hata ukashindwa kufika chooni, mara nyingi hutokana na kibofu kinachojikaza kabla ya wakati wake. Wapo wenye yote mawili. Mkojo wenye damu, unaowasha au unaokataa kutoka haumo katika somo hili. Huo ni wa kupelekwa kwa daktari kwanza.

Hatua ya pili: itafute misuli yenyewe

Misuli hii imetandazwa kama kitanda cha kamba kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ikibeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Lala chali, kunja magoti, kisha vuta njia ya haja kubwa kwa ndani kana kwamba unazuia hewa isitoke, na uendeleze mvuto huo mbele hadi ukeni. Ukijitazama kwa kioo, msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unapaswa kupanda kidogo kuelekea ndani. Ukiona unatokeza nje, unasukuma badala ya kuvuta, na kusukuma huko huzidisha tatizo. Kidole safi ukeni nacho kitahisi kubanwa na kuinuliwa. Makalio, mapaja na tumbo la juu vitulie, na pumzi isizuiwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na sioni sababu ya mtu kwenda mbele kabla hajawa na hakika. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, anaweza kukupima na kukuambia kwa mguso mmoja kama umeupata msuli sahihi.

Hatua ya tatu: bana, kisha legeza kwa ukamilifu

Bana kwa sekunde unazoziweza, hata kama ni 3 tu, halafu uachie kwa muda huohuo au zaidi, ukisubiri mpaka uhisi msamba umeshuka wote. Rudia angalau mara 8, mara 3 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi kufikia sekunde 10. Malizia kwa mibano michache ya haraka, kwa sababu kikohozi hakimpi mtu muda wa kujiandaa. Anza ukiwa umelala, kisha ukiwa umeketi, hatimaye ukiwa umesimama. Usihukumu matokeo kabla ya miezi 3.

Hatua ya nne: itumie misuli pale inapohitajika

Bana kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua kitu, na ushikilie hadi tendo lipite. Mwenye haraka ya mkojo asimame mahali alipo, abane mara kadhaa, asubiri haraka ipungue, ndipo aende chooni bila kukimbia. Kisha aongeze kidogo kidogo muda kati ya safari moja na nyingine kwa majuma 6 au zaidi. Kupunguza kahawa na chai, kutibu kikohozi cha muda mrefu na kuepuka choo kigumu husaidia pia.

Kuhusu tendo la ndoa

Misuli hiyohiyo ndiyo inayojikaza na kulegea kwa mfuatano mwanamke anapofika kileleni, na ndiyo inayopaswa kulegea ili uume uingie bila maumivu. Anayevuja wakati wa tendo amalize mkojo kabla, na aendelee na mazoezi bila aibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, niliambiwa nifanye zoezi kwa kukata mkojo katikati kila ninapokwenda haja. Ni sawa?

Jibu: Hapana, dada yangu. Kufanya hivyo mara moja moja kunaweza kukusaidia kuutambua msuli, lakini kukiwa mazoea kunaweza kukizuia kibofu kujimwaga chote.

Swali: Nimejifungua hivi karibuni na nina nyuzi za kushonwa. Nisubiri hadi lini?

Jibu: Hongera, mama. Unaweza kuanza kwa mibano myepesi pindi unapohisi nafuu, isipokuwa kama bado una mpira wa mkojo. Hapo subiri utolewe na uanze kukojoa kawaida. Maumivu yakiongezeka, punguza.

Swali: Sivuji, lakini tendo la ndoa linaniuma. Niongeze mazoezi?

Jibu: Usiongeze mibano. Huenda misuli yako imekaza kupita kiasi, na kubana zaidi kutazidisha maumivu. Fanyia kazi kulegeza tu: vuta pumzi hadi tumboni, acha msamba ushuke, tumia kilainishi, wala usijilazimishe. Anayenyonyesha au aliyekoma hedhi anaweza kuwa na ukavu unaotokana na upungufu wa estrojeni, homoni ya kike, ambao daktari anaweza kuutibu. Nenda ukapimwe, kwa kuwa maumivu haya yana vyanzo vingi.

Swali: Tangu uchungu wa muda mrefu wa kujifungua, mkojo wa ndugu yangu unatiririka mchana na usiku bila kukoma. Nimfundishe mazoezi haya?

Jibu: Dalili hiyo inaelekea kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna zoezi linaloliziba tundu lililokwisha kukomaa. Mpeleke hospitali yenye upasuaji wa fistula mapema, kwa sababu likigunduliwa likiwa bichi huweza wakati mwingine kufunga kwa mpira wa mkojo peke yake.